MLANGO, LIGURU NA OMUMENYA: USOMAJI WA NYARAKA KATIKA MIPANGO YA MANDHARI YA NAMBALE

Katika miaka ya karibuni wataalamu wa mipango ya miji na mandhari wamezirudia nyaraka za kale kwa bidii ambayo hapo awali ilikuwa ya wanahistoria peke yao. Hoja yao ni ya haki. Kabla mchoraji hajaamua barabara ipite wapi, soko likae wapi na kinamasi kipi kikaushwe, hana budi kujua ni nani waliokuwa pale kabla yake, hasa wale ambao ramani rasmi ziliwaacha nje. Katika jiji la New York, madaftari ya kodi, sensa na kumbukumbu za makanisa ndivyo vilivyowarudisha machoni pa watu wakazi weusi wa Seneca Village, kijiji kilichovunjwa mwaka 1857 ili kupisha bustani ya Central Park. Unguja nayo imepata kitabu cha ramani kiitwacho Ng'ambo Atlas, kilichohaririwa na Antoni Folkers na Muhammad Juma na kuchapishwa mwaka 2019. Humo, upande wa mji ambao mipango ya kikoloni, kuanzia ule wa Lanchester wa mwaka 1923, iliutazama kama tatizo la kutatuliwa, unatazamwa kama mji wenye historia yake.

Juhudi hizo ni za kusifiwa. Hata hivyo, ndani yake imejificha dhana moja ambayo haina budi kuhojiwa, nayo ni kwamba faili likifunguliwa litasema lenyewe. Ng'ambo dhana hiyo haileti madhara makubwa, kwa kuwa mkazi aliyeulizwa na mtafiti aliyeuliza walikuwa na lugha moja, na majina ya mitaa yalikuwa ya lugha hiyo hiyo. Nambale hali ni nyingine kabisa. Huko maneno ya mkulima wa Bukhayo au ya mfugaji wa Kiteso yalipita vinywa viwili au vitatu kabla ya kufika kwenye karatasi, na kila kinywa kilitoza ushuru wake. Anayetaka kuwarudisha waliosahauliwa katika mandhari ya Nambale hana budi kuanza na isimu, na ramani zifuate baadaye.

Yafaa kwanza kueleza nyaraka zenyewe zilipo. Nambale, pamoja na nchi yote inayoelekea Busia na Malaba, ilikuwa katika Mkoa wa Mashariki wa Himaya ya Uganda hadi mwaka 1902, mkoa huo ulipohamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye iliitwa Kenya. Kwa hiyo kumbukumbu za miaka ya kwanza ya utawala ni za serikali ya Entebbe, na zile zilizofuata ni za Nairobi. Nakala za barua zilizopelekwa Uingereza zinasomwa Kew, London, nazo zimegawanyika vivyo hivyo: za Kenya katika fungu moja, za Uganda katika jingine. Mpaka ambao kwa sehemu hufuata mito ya Sio na Malaba umepita pia katikati ya makabati. Mwanafunzi anayefanya utafiti wake wote katika jengo la Nyaraka za Taifa jijini Nairobi, akidhani amemaliza, huwa amesoma nusu ya habari, tena nusu ya pili.

Hata akiyafikia mafaili yote, orodha itamshinda asipojua majina. Atafute neno "Teso" katika maandishi ya mwanzo naye ataona uhaba wa kushangaza. Watu hao wameandikwa humo Elgumi au Wamia. Wabukusu wameandikwa Kitosh, jina ambalo wao wenyewe walilikataa. Wilaya nzima iliitwa Kavirondo ya Kaskazini mpaka mwaka 1948, ilipopewa jina la Nyanza ya Kaskazini. Mwaka 1956 sehemu yake ya magharibi ikawa Elgon Nyanza. Na uhuru ulipokuja ikazaliwa Busia. Mtu mmoja aliyeishi Amukura bila kuhama hata hatua moja amepita katika wilaya nne za karatasi. Orodha za nyaraka hufuata wilaya hizo na wala hazimfuati mtu.

Majina hayo ya kigeni hayakuzuka hivi hivi. Kituo cha kwanza cha serikali katika sehemu hizo kilikuwa kwa Mumia, mtawala wa Wanga, mahali ambapo wafanyabiashara wa Kiswahili kutoka pwani walikuwa wamekwisha kufika, na ambapo C. W. Hobley alianza kazi yake ya utawala mwaka 1895. Serikali iliwatazama majirani wote kutoka katika baraza la Mumia. Yeye mwenyewe alitangazwa kuwa chifu mkuu mwaka 1909, na ndugu na watumishi wake walipelekwa kuwatawala wengine: Mulama huko Marama, Murunga huko Kimilili. Mwakilishi wa Wanga ndiye aliyesikia, mkalimani ndiye aliyetafsiri, afisa ndiye aliyeandika. Kila mahali jina la jirani likawa lile ambalo jirani yake hulitumia, na kwa kawaida majirani hawaitani kwa heshima.

Katika uwanja huu kitabu cha Julie MacArthur, Cartography and the Political Imagination, kilichotolewa na Ohio University Press mwaka 2016, kinastahili kutajwa kwa kirefu, kwa sababu ndicho kilichokwenda mbali kuliko vyote. MacArthur anaonyesha jinsi watu wa magharibi ya Kenya, ambao hawakuwa na babu mmoja, mfalme mmoja wala lahaja moja, walivyoushika uchoraji wa ramani kuwa silaha yao tangu miaka ya 1930, wakati dhahabu ilipogunduliwa Kakamega na ardhi ya wenyeji ikaingia hatarini. Jina la Waluyia, asema, lilijengwa kwa mipaka na hesabu za watu kabla ya kujengwa kwa hadithi za asili. Ubora wa kitabu ni kwamba kinawatoa Waafrika katika nafasi ya watu waliochorwa na kuwaweka katika nafasi ya wachoraji. Vilevile hakikuisahau lugha: habari za kamati ya lugha ya miaka ya 1940, na za kazi ya mmisionari L. L. Appleby ya kutunga msamiati na sarufi ya Oluluyia moja, zimo ndani yake, na wataalamu wa lugha watafaidika nazo.

Lakini swali la kitabu ni "Waluyia walipatikanaje?", na jibu la swali hilo hutafutwa kwa waliolipigania jina: walimu, makarani, wanachama wa vyama, watu wa maombi na barua. Hao ndio walioandika, na waliandika kwa lugha ambayo serikali iliisoma. Msomaji wa Nambale anapofunga kitabu anajua kwa nini mpaka wa Waluyia ulichorwa, lakini bado hajui mkulima wa kando ya mto Sio aliuitaje mpaka wa shamba lake. Waiteso nao hawakuwa na haja ya jina hilo. Kwao ni lazima mtu aongeze uchunguzi wa Ivan Karp, Fields of Change among the Iteso of Kenya, wa mwaka 1978, ambao ulitokana na kukaa na watu na kusikia lugha yao. Kuweka vitabu hivi viwili mezani pamoja ni zoezi zuri kwa darasa lolote: kimoja kina nyaraka nyingi, kingine kina mazungumzo mengi, na ukimya wa kila kimoja husikika kupitia kwa mwenzake.

Kuna aina ya maneno katika nyaraka ambayo wapanga mipango huyapita upesi, nayo ni yale ambayo afisa aliyaacha bila kuyatafsiri. Afisa alitafsiri alichodhani anakielewa. Alichoshindwa kukitafsiri alikiacha kilivyo, kwa herufi za mlalo. Maneno hayo ni kama mashimo katika ukuta, na kupitia humo mtu huona ndani. Matatu yanafaa kuchunguzwa kwa ajili ya Nambale, ingawa hayana uzito sawa.

La kwanza, kwa fahari ya wasomaji wa Kiswahili, ni neno la Kiswahili: mlango. Katika mafaili ya Kavirondo ya Kaskazini mlango si kitu cha nyumba. Ni eneo dogo lenye mkubwa wake, na wakubwa hao hutajwa kwa jina la wakuu wa milango. Mpanga mipango wa leo akikuta mlango katika ramani au orodha ya kodi hulichukulia kuwa ngazi ya utawala tu, kama vile kata. Lakini kabla ya kuwa eneo lilikuwa watu. Katika visiwa vya Zanzibar wataalamu wameandika habari za ukoo, mlango na tumbo kama matawi ya nasaba. Katika Kijaluo neno dhoot lina maana ya mlango wa nyumba na pia ukoo. Katika Kinyarwanda umuryango ni mlango na ni jamaa. Na katika lahaja za Oluluhya mlango wa nyumba ni omuliango. Taswira ni moja: watoto waliotoka katika mlango mmoja wa mama mmoja. Yaelekea karani aliyelitumia neno la Kiswahili alikuwa akifasiri wazo la wenyeji, kisha serikali ikalibandika wazo hilo juu ya ardhi na kulichorea mstari. Tangu hapo nasaba ikawa na mpaka wa kijiografia ambao haikuwa nao, kwani watu wa omuliango mmoja waliweza kuishi penye vilima vitatu tofauti. Anayetumia milango ya mafaili kuwa ushahidi wa mipaka ya kale anasoma uamuzi wa karani akidhani anasoma desturi.

La pili, liguru, litapitwa kwa haraka. Mwaka 1947 mpiga chapa wa serikali jijini Nairobi alitoa kitabu cha Norman Humphrey ambacho jina lake linaunganisha liguru na ardhi. Humphrey alikuwa mtu wa kilimo aliyeshughulishwa na uchovu wa udongo na wingi wa watu, naye alimwona mzee huyu kuwa mlinzi halali wa ardhi. Wapanga mipango hupenda kukitumia kwa sababu kinaeleza matumizi ya ardhi kwa ufasaha. Yapasa wakumbuke tu kwamba mwandishi alikuwa akitafuta mtu wa kutekeleza amri za kilimo, na anayetafuta mtu wa namna hiyo kwa kawaida humpata.

La tatu ndilo zito. Omumenya, kwa wingi abamenya, ni mtu anayeishi katika ardhi ya ukoo usio wake. Katika taarifa za kikoloni na katika ethnografia, pamoja na zile za Günter Wagner aliyefanya utafiti wake katika miaka ya 1930, neno hili hutolewa kwa Kiingereza kwa neno lenye maana ya mtu aliyekodi. Kwa Kiswahili limefasiriwa kuwa mpangaji. Hapa Kiswahili kina mzaha wake, kwa kuwa mpangaji ni yeye alipaye kodi na ni yeye pia apangaye mji. Mmoja hufukuzwa na mwingine. Lakini tafsiri hiyo haisimami. Neno limetokana na kitenzi okhumenya, ambacho katika lahaja nyingi za Oluluhya maana yake ni kukaa, kuishi mahali. Mtu akiulizwa "Omenya hena?" haulizwi amekodi wapi, anaulizwa kwake ni wapi. Ndani ya kitenzi hamna kodi, hamna mkataba, hamna muda. Muna makazi tu. Omumenya alikuwa mkwe, mjomba, rafiki, au aliyekimbia vita na njaa akapokewa, akapewa mahali pa kulima, akazika watu wake hapo. Kwamba haki yake haikuwa sawa na ya mwenye ukoo ni kweli, na wenyeji hawakuficha. Lakini kati ya "si sawa" na "amekodi" kuna umbali mkubwa, na umbali huo ulifutwa na neno moja la mkalimani.

Matokeo yake hayakubaki katika vitabu. Tume ya Ardhi ya Kenya, iliyoteuliwa mwaka 1932 na kuchapisha ushahidi wake mwaka 1934, iliuliza maswali yake kwa lugha ya umiliki na upangaji, na ikajibiwa kwa lugha hiyo. Mashahidi walikuwa kwa sehemu kubwa machifu, wazee wa koo, wamisionari na watumishi wa serikali. Sauti za wanawake ni haba mno, na omumenya hakuwa na sababu ya kusimama mbele ya tume na kutangaza kwamba yeye ni mgeni. Baadaye likaja zoezi la kupima na kusajili mashamba, chini ya sheria ya usajili ya mwaka 1963 na ile ya uamuzi wa haki za ardhi ya mwaka 1968. Kamati za wenyeji ziliketi, mipaka ikawekwa, daftari likafunguliwa, na aliyekuwa na pingamizi akapewa siku 60. Aliyeandikwa akawa mwenyewe. Na mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mahakama Kuu ilikwisha kuamua kwamba usajili huzima haki za kimila zilizotangulia.

Msimamo huo umelegea. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 inazitambua amana za kimila kuwa haki zinazoifuata ardhi hata zisipoandikwa, na mwaka 2018 Mahakama ya Upeo ya Kenya ilieleza masharti ya kuithibitisha amana hiyo. Mojawapo ni kwamba mdai awe mmoja wa jamaa, ukoo au kundi lililokuwa na ardhi kabla ya kusajiliwa. Sasa na aulizwe mtaalamu wa lugha: je, omumenya ni mmoja wa kundi? Akisomwa kwa tafsiri ya mafaili, yaani mtu aliyekodi, jibu ni hapana, na shauri limekwisha. Akisomwa kwa kitenzi chake, yaani mtu ambaye kwake ni hapa, jibu si jepesi hivyo. Wala haitoshi kusema kwamba etimolojia si sheria. Bila shaka si sheria. Lakini mahakama na mpanga mipango hutegemea ushahidi wa desturi, na ushahidi huo umehifadhiwa katika maneno ambayo tayari yamekwisha kupotoshwa. Kuzichukua nyaraka kama zilivyo, kwa nia njema ya kuwarudisha waliosahauliwa, ni kumtoa omumenya nje mara ya pili, safari hii kwa hati za utafiti.

Jambo hili lina haraka yake. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inaitaka kila kaunti iwe na mpango wa matumizi ya nafasi wa miaka 10. Vituo vya pamoja vya mpakani vya Busia na Malaba vimeifanya ardhi ya kandokando ya barabara kuwa ya thamani ambayo wazee hawakuiota. Panapopangwa maegesho ya malori, soko au njia ya maji machafu, swali la kwanza la afisa ni "nani ana hati?", na la pili ni "historia inasemaje?" Swali la pili ndilo linalompeleka kwenye nyaraka.

Majina ya mahali nayo ni nyaraka, ingawa hayana namba ya faili, na hapo wanaisimu wenyewe hawana budi kujihadhari. Nambale huvutia mara moja fasiri ya jiwe, kwani katika Lubukusu jiwe ni libale, na kuna Mbale nyingine Maragoli na nyingine Uganda. Kiambishi Na- nacho huvutia kuelekea jina la mtu, kwa kuwa Wabukusu na jirani zao humwita mwanamke Nafula pale mwanamume aitwapo Wafula. Fasiri mbili, zote zinapendeza, na hakuna hata moja inayothibitika kwa sauti pekee. Upande wa Malaba hatari ni kubwa zaidi. Amagoro kwa sikio la Mbantu huonekana kuwa wingi wa ngeli ya ma-, na hivyo kuombewa umoja ambao haupo; katika Kiteso a- ni kiambishi cha jinsi ya kike, na uchambuzi huanzia mahali pengine kabisa. Atakayeandika majina ya mitaa mipya kwa kusahihisha ya zamani, bila mjuzi wa Kiteso mezani, atakuwa amerudia kazi ya wale mawakala wa Wanga.

Kuna pia mandhari ambayo watu wake hawakuwa ukoo wala mlango. Alupe, kati ya Busia na Malaba, palikuwa na hospitali ya wakoma na kituo cha utafiti wa ukoma cha Afrika Mashariki. Tangu mwaka 2022 pana chuo kikuu kamili chenye jina hilo. Waliokaa pale walitolewa katika koo zao kwa ajili ya ugonjwa. Kumbukumbu zao ni za kitabibu, na kwa haki haziwezi kufunguliwa ovyo kama za kodi. Hapa yule anayesema kwamba haki ya waliosahauliwa ni kufunguliwa kwa mafaili anakutana na watu ambao pengine haki yao ni faili kufungwa, na makaburi kuhifadhiwa. Chuo kinapopanua majengo yake, mchoraji atahitaji kuwauliza wazee wa Alupe kabla ya kuomba ufunguo wa kabati. Na atawauliza kwa lugha gani, hilo ni la kuamuliwa kabla hajaondoka ofisini.